Kweli au Si Kweli? Biolojia ya Vibarazani Mtwara

Umeyasikia haya. Kama umekulia Magomeni, Mtwara, au umekaa pale hata msimu mmoja wa korosho, umeyasikia kibarazani jioni, kwenye kahawa, na Feri ukisubiri mashua za samaki zifike. Embe bichi huleta malaria. Dafu huleta busha. Mtoto mwenye degedege hachomwi sindano. Nyama ya kasa huua. Mengine umeyaamini, mengine umeyarithisha wanao bila kuyauliza chochote.

Leo tunayauliza. Kipimo chetu ni maswali ambayo somo la biolojia huanza nayo: kiumbe hiki kimeundwa na nini, kinapata wapi chakula, kinapumuaje, kinazaaje? Ni maswali manne mepesi, na yanatosha kutenganisha pumba na mchele. Hukumu zitakuwa tatu: kweli, si kweli na nusu kweli. Pale wazee waliposema sawa, watapewa haki yao.

1. "Nyangumi ni samaki mkubwa kuliko wote."

SI KWELI. Ukubwa anao, usamaki hana. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Msimbati wakitoka kwenye bahari za baridi karibu na ncha ya kusini ya dunia. Huja huku kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Mtazame mmoja wao: lazima apande juu kupuliza na kuvuta pumzi, kwa sababu ana mapafu, hana matamvua. Mkia wake hupiga juu na chini, wakati wa samaki hupiga kushoto na kulia. Damu yake ni ya moto, hatagi mayai, na ndama wake hunyonya. Hizo zote ni sifa za mamalia, kundi la ng'ombe, la popo na la kwetu sisi.

Nguva naye yumo kundi hilohilo. Si nusu mtu nusu samaki. Ni mamalia anayekula nyasi za baharini, na ndugu yake wa nchi kavu ni tembo. Ukitaka samaki mkubwa kuliko wote, nenda Mafia ukamwone papa potwe, ambaye wenyeji humwita papa shilingi.

2. "Tumbawe ni jiwe."

NUSU KWELI. Jiwe lipo, ila limejengwa, na wajenzi wake ni wanyama. Juu ya tumbawe zima wamejipanga maelfu ya polipu, wanyama wadogo laini, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri ya kunasia chakula. Ndani ya tishu zao wanaishi mwani wa seli moja. Mwani hao hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na humgawia mwenyeji wao. Mwenyeji naye huwapa makazi. Polipu hujenga chokaa chini yake mwaka hadi mwaka, na hiyo ndiyo chokaa iliyochomwa kwenye matanuri ya pwani kwa karne nyingi.

Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe. Watu walisema yamekufa. Lakini tumbawe jeupe limewapoteza mwani wake na lina njaa. Maji yakipoa mapema linaweza kupona, joto likiendelea ndipo linapokufa. Haya yana maana kwetu, kwa kuwa matumbawe makubwa ya mviringo hukua kwa takribani sentimita moja kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja limekuwepo karibu karne nzima, na baruti moja hulimaliza kwa sekunde. Tangu mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari, na kinacholindwa pale chini si mawe. Ni wanyama, pamoja na samaki wote wanaowategemea.

3. "Mkoko huzaa mtoto, hautoi mbegu kama miti mingine."

KWELI, karibu neno kwa neno. Mti wa kawaida hudondosha mbegu, mbegu hungoja mvua, kisha huota. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado imeshikana na mti mama. Mche wa kijani hurefuka ukining'inia, mara nyingi kupita sentimita 40, na kinachoanguka siku yake ikifika ni mmea mchanga uliokwisha kuanza maisha. Ukiangukia topeni maji yakiwa yametoka, huweza kusimama na kutoa mizizi. Ukichukuliwa na maji, huelea hadi upate pwani nyingine. Mbegu ndogo isiyoota ingesombwa na maji au ingeshindwa na chumvi.

Waliolisema hili waliutazama mti wenyewe kwa makini. Nawe unaweza kufanya jaribio la pili papo hapo: tafuta mchu, ramba jani lake. Utaonja chumvi, kwa sababu mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Vile vijiti vilivyochomoza topeni kuuzunguka ni mizizi yake inayovuta hewa, maana ndani ya tope oksijeni ni haba mno.

4. "Bibo ndilo tunda, korosho ni mbegu iliyotokeza nje."

SI KWELI. Mambo yako kinyume. Ua la mkorosho likishachavushwa, ovari yake hugeuka kuwa korosho yenye ganda. Hilo ndilo tunda halisi, na mbegu yake ni kile kiini unachokaanga. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Ushahidi uko shambani: tazama korosho changa, utaikuta imekwisha kufikia ukubwa wake huku kikonyo kikiwa bado chembamba. Bibo hujaa mwishoni. Mti huu ulitoka Brazil, ukaletwa huku na Wareno karne ya 16, na ni wa familia moja na mwembe.

5. "Ubwiri unga huletwa na baridi."

NUSU KWELI. Mkulima yeyote wa Mtwara ameuona unga ule mweupe ukifunika maua na majani machanga ya mkorosho asubuhi za ubaridi na umande. Wakati ameuona sawasawa, mwenye kosa hakumwona. Unga ule ni kuvu, kiumbe hai kilichoundwa kwa seli zenye kiini, ambacho si mmea wala mnyama. Kuvu hakina umbijani, kwa hiyo hakiwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hiki hupenyeza nyuzi zake kwenye seli za mkorosho na kunyonya. Vumbi unaloliona ni mbegu zake ndogo sana, na upepo huzihamisha kutoka mti hadi mti. Hali ya ubaridi hukipa nafasi, lakini bila kuvu hakuna ugonjwa.

Hasara yake tunaijua. Uzalishaji wa korosho nchini ulifikia takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74, ukaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, bei na wakulima kuhamishiwa vijijini zikiwemo, na ubwiri unga ulikuwa miongoni mwa kubwa. Kituo cha utafiti cha Naliendele, kando ya mji wetu, kimefanya kazi ndefu juu ya ugonjwa huu. Salfa inayopulizwa kila msimu haipigani na baridi. Inapigana na kuvu, ndiyo maana hupulizwa mapema, kabla hakijatawala maua.

6. "Usilale chini ya mti usiku, utakunyang'anya hewa."

SI KWELI, ingawa mwanzo wa hoja ni sahihi. Mchana majani hufanya usanisinuru: huchukua hewa ukaa na maji, hutumia mwanga kutengeneza sukari, na hutoa oksijeni. Mimea pia hupumua kama sisi, usiku na mchana, na usiku usanisinuru ukiwa umesimama hutoa hewa ukaa tu. Lakini kiasi chake ni kidogo, na hewa ya nje haikai mahali pamoja. Anayelala nawe chumba kimoja hukupunguzia oksijeni kuliko mwembe wa uani. Chini ya mnazi sababu ya kutolala ipo, nayo ni nazi.

7. "Supu ya pweza huongeza nguvu za kiume."

SI KWELI. Supu yenyewe ni chakula kizuri, tuseme hivyo kwa sauti. Pweza ana protini nyingi, na mwili wake ni wa kustaajabisha: ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa kutumia shaba badala ya chuma. Lakini hakuna anayekula mioyo mitatu akapata mioyo mitatu. Chakula kikifika tumboni na kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya huivunja protini kuwa amino asidi. Baada ya hapo mwili hautofautishi iliyotoka kwa pweza, kwa dagaa au kwenye kunde; huitumia kujenga kile unachokihitaji wakati huo. Kunywa supu yako kwa raha. Mwenye tatizo la kudumu aende hospitali, kwa maana tatizo hilo wakati mwingine ni dalili ya kisukari au shinikizo la damu.

8. "Embe bichi huleta malaria."

SI KWELI. Linaweza kukupa tumbo la kuuma, malaria haliwezi. Malaria husababishwa na plasmodiamu, kimelea cha seli moja kinachoishi na kuzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu yetu. Humfikia mtu kwa kuumwa na mbu jike wa jamii ya anofelesi. Dume haumi, jike ndiye anayehitaji damu, ili mayai yake yakomae. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alimpasua mbu na kukiona kimelea hicho kwenye ukuta wa tumbo lake, na mwaka uliofuata Waitaliano wakathibitisha kwamba anofelesi ndiye anayemwambukiza binadamu.

Imani hii ilitoka wapi? Angalia kalenda. Maembe yetu hujaa miti mwishoni mwa mwaka, na mvua za Mtwara huanza wakati uleule. Mvua huacha madimbwi, madimbwi huzaa viluwiluwi, viluwiluwi huwa mbu. Wiki chache baadaye mtoto anaungua homa, na mkononi ana embe. Embe limekuwa shahidi aliyekamatwa kama mwizi. Ukimnyima mtoto maembe na kumlaza bila chandarua, humkingi na chochote.

9. "Mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa."

SI KWELI, na kati ya yote yaliyomo humu hili ndilo linaloua. Wengi wetu tumefundishwa kwamba degedege ni jambo la kutibiwa nyumbani kwanza, na kwamba sindano humaliza uhai wa mtoto. Degedege ni mtikisiko wa mwili unaotoka kwenye ubongo. Unaweza kuletwa na homa kali, na homa ya uti wa mgongo, au na malaria iliyofika ubongoni. Vimelea vya malaria vikizidi, chembe za damu zilizoambukizwa hugandamana kwenye mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu kupita. Mtoto wa hivyo anahesabiwa saa, si siku.

Ushahidi upo, na umetoka kwa watoto wa Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9, Tanzania ikiwemo. Wote walitibiwa kwa dawa za sindano, nusu artesuneti na nusu kwinini. Waliopewa artesuneti, zaidi ya 91 katika kila 100 waliishi, na vifo vyao vilikuwa pungufu kwa zaidi ya moja ya tano kuliko vya wenzao wa kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali.

Imani ilizaliwa kwa uchungu wa kweli. Mtoto aliyechelewa nyumbani alifikishwa akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafa muda mfupi baadaye, na lawama ikabaki kwenye kitu cha mwisho kilichomgusa. Mama, baba, bibi: mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mwondoke saa ileile kwenda kituo cha afya.

10. "Dafu huleta busha."

SI KWELI. Dafu halina hatia. Busha la ukanda huu na matende husababishwa mara nyingi na minyoo myembamba kama uzi inayoishi ndani ya mishipa ya limfu. Huziba njia ya majimaji ya mwili, nayo yakikosa pa kupita hujaa kwenye korodani au miguuni. Watoto wa minyoo hao huingia kwenye damu hasa usiku, saa ambazo mbu huuma, na kwa sababu hiyo wapimaji hupita kuchukua damu za watu usiku. Patrick Manson aligundua huko Amoy, China, mwaka 1877 kwamba mbu huwapokea minyoo hao anapofyonza damu.

Jaribio zuri kuliko yote lilifanyika kwa jirani zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Makunduchi, Unguja, punje nyepesi za polistairini zilimwagwa kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zilielea, zikafunika maji, na mbu wanaozaliana kwenye maji machafu wakakosa mahali pa kutagia. Wananchi walipewa pia dawa ya minyoo. Mbu walipungua sana, na maambukizi yakashuka. Madafu hayakuguswa.

Kwa nini dafu lilisingiziwa? Kwa sababu minazi na mbu wa busha wote hustawi pwani, na mnywaji wa dafu mara nyingi ndiye mwenye busha. Basi kunywa dafu lako. Wagawa kingatiba ya matende na busha wakipita mtaani, meza dawa. Na mwenye busha ajue kwamba upasuaji wake upo na unaponya.

11. "Mtoto ni wa damu ya mama."

NUSU KWELI, na nusu yake ni ya ajabu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu enzi. Ukichungulia ndani ya kiini cha seli, utakuta kromosomu 46: 23 za mama na 23 za baba. Kwa hesabu hiyo wazazi wako sawa, na pua ya babu mzaa baba ina haki ya kuonekana usoni mwa mjukuu.

Lakini nje ya kiini, ndani ya seli hiyohiyo, kuna mitokondria, zinazotengeneza nishati ya seli. Zina vinasaba vyake vichache, 37 tu, na vyote hutoka kwa mama. Mama huwapa watoto wake wote, na mabinti ndio wanaovipeleka mbele. Mwaka 1987 wanasayansi walitangaza kwamba wameufuata mstari huo wa akina mama kurudi nyuma, kwa watu wa mabara mbalimbali, na ukawafikisha kwa mwanamke mmoja aliyeishi miaka 200,000 hivi iliyopita. Waliona kwamba huyo mama aliishi Afrika.

12. "Mke anayezaa wasichana tu ndiye mwenye kasoro."

SI KWELI. Kasoro haipo, na kama ni kutafuta aliyetoa jinsia, atazamwe baba. Yai la mama hubeba kromosomu X siku zote. Mbegu ya baba hubeba X au Y: X huleta binti, Y huleta mwana. Nettie Stevens wa Marekani alilionyesha jambo hili mwaka 1905 kwa kuchunguza seli za mdudu wa unga. Hakuna mwanaume anayechagua mbegu ipi itangulie, kwa hiyo naye asilaumiwe. Ndoa zimevunjika kwa uongo huu. Usiupe nafasi nyumbani kwako.

13. "Nyama ya kasa huua."

KWELI. Si kila kasa na si kila siku, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyama ya kasa, ya ng'amba hasa, inaweza kubeba sumu inayodhaniwa kutokana na vitu anavyokula baharini. Kumtazama hakukuonyeshi chochote, na kuchemsha hakuiondoi sumu. Mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Sheria inakataza kumvua, na wazee walioonya miaka mingi kabla ya sheria walikuwa wakiokoa maisha.

Sasa zipange hukumu upande kwa upande, uone kilichozitenganisha. Waliosema kweli juu ya mkoko na kasa walikitazama kiumbe chenyewe, miaka nenda miaka rudi, wakaona kinavyozaa na kinavyodhuru. Waliokosea juu ya embe, dafu na sindano waliona vitu viwili vikifika pamoja, wakamfanya mmoja kuwa mzazi wa mwenzake. Biolojia inaanza kwa jicho lilelile la wazee, kisha inaongeza hatua moja: inamtafuta kiumbe anayefanya kazi, inamtaja, na inajaribu kama akiondolewa tatizo huondoka.

Ukisikia jambo jipya jioni ya leo, usimcheke aliyelisema. Muulize: umekiona kiumbe chenyewe kikifanya, au umeona vitu viwili vikija pamoja? Jibu lake litakupa hukumu.